Unga wa brahmi: kwa kijana wa mtihani na bibi anayesahau

Msomaji wetu wa Tanga ameuliza:

"Assalaam alaikum mtaalamu. Kijana wangu mkubwa anafanya mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei, zimebaki kama wiki sita. Jirani yangu Mhindi, mtu mwema sana, ameniletea pakiti ya unga wa kijani, imeandikwa brahmi. Anasema kwao watoto wa shule wote hunywa na maziwa na akili inafunguka. Nimempa kijana kijiko cha chakula kwenye maziwa asubuhi kabla hajala. Siku ya tatu tumbo likamsokota, nikaacha. Je, hii ni dawa kweli au ni imani? Na mama yangu mzazi, ana miaka 74, ameanza kurudia maneno na kusahau alipoweka funguo. Anameza dawa ya presha, na ya tezi ya shingo tangu alipopasuliwa rovu. Nimpe? Na hii ndiyo ile brahmi ya kwenye mafuta ya nywele? Mama Nasra."

Waalaikum salaam, Mama Nasra. Umefanya vizuri kuacha tumbo liliposokota. Wapo wanaoongeza kipimo, wakiamini dawa ikikutesa ndiyo inafanya kazi.

Nikujibu kwa ufupi kwanza, kisha nieleze. Brahmi si imani tupu. Imepimwa kwa watu, na baadhi ya majibu ni mazuri. Lakini inafanya kazi polepole mno, tunazungumzia miezi mitatu, kwa hiyo mtihani wa Mei haitauwahi. Mama yako usimpe hata robo kijiko mpaka apimwe damu, kwa sababu ya hiyo tezi. Na kabla ya hayo yote, wewe na mimi bado hatujui kilichomo ndani ya hiyo pakiti.

Tuanze na pakiti, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Brahmi ni jina linalobeba mimea miwili tofauti kabisa. Kusini mwa India, hasa Kerala, ukiagiza brahmi unaletewa Bacopa monnieri. Huu ni mmea unaotambaa kwenye tope, kandokando ya mifereji na majaruba ya mpunga. Majani yake ni manene, yamejaa maji, madogo kama ukucha, yamekaa mawilimawili kwenye shina, na ncha ya jani imeviringana kama kijiko. Maua ni meupe au ya zambarau iliyopauka. Wafugaji wa samaki wa mapambo huuweka kwenye matangi yao ya vioo bila kujua kwamba wanafuga dawa.

Ukienda sehemu nyingi za kaskazini mwa India ukaagiza brahmi hiyohiyo, utaletewa Centella asiatica. Huo nao unatambaa na unapenda majimaji, lakini kila jani lina kikonyo chake, ni la mviringo lenye mkato upande mmoja kama figo, na kingo zake zina vimeno. Kwa Kisanskriti una jina lake lenyewe, mandukaparni, yaani jani la chura. Wasri Lanka wanauita gotukola na kuula mbichi kama tunavyokula kachumbari. Ukiona krimu ya uso imeandikwa "cica", ni huohuo. Mimea yote miwili inaota hata huku kwetu Afrika Mashariki, ila naomba usitoke kwenda kuichuma. Sababu nitaisema mbele.

Mimi mwenyewe niliwahi kuingia mkenge. Nilinunua unga wa brahmi kwenye duka la viungo hapa Dar es Salaam, nikaunywa wiki mbili nikijiona mtafiti, hadi siku moja nilipovaa miwani nikasoma maandishi madogo nyuma ya pakiti: Centella asiatica. Muuzaji hakuniibia. Kwao Gujarati alikotoka babu yake huenda hiyo ndiyo brahmi, na mimi ndiye sikusoma.

Kwa nini tofauti hii ni muhimu? Kwa sababu karibu utafiti wote nitakaokutajia kuhusu kumbukumbu ulifanywa kwa Bacopa. Centella imechunguzwa zaidi kwenye vidonda na ngozi, na tena kuna jambo la ini: mwaka 2005 madaktari waliripoti wanawake watatu waliopata homa ya ini baada ya kumeza Centella kwa wiki chache. Watatu si wengi ukilinganisha na mamilioni wanaoila, lakini mimi kwa mtu wa miaka 74 anayemeza dawa nyingine sipendi kubahatisha.

Basi chukua pakiti uigeuze. Tafuta jina la Kilatini. Likiwa halipo, hiyo tayari ni alama mbaya. Kisha chovya ncha ya kidole uonje. Bacopa ni chungu hasa, uchungu unaoshuka kooni na kukaa. Centella ina ladha ya majani tu, uchungu wake ni mdogo. Watu wengine hutia nusu kijiko kwenye chupa yenye maji, wakatikisa, wakaona povu jeupe linalokaa juu kama la sabuni. Povu hilo linatokana na saponini, ambazo ndizo kemikali zinazotafutwa, lakini mimea yote miwili inazo. Povu litakuambia kuwa hukuuziwa nyasi kavu. Halitakuambia umeuziwa mmea upi.

Kuhusu mafuta ya nywele nitapita haraka. Ndiyo, jina ni hilohilo, na mara nyingi huchanganywa na amla. Majani huchemshwa ndani ya mafuta, na Wahindi wanasema yanapoza kichwa. Nywele zikipendeza, alhamdulillahi. Ila utafiti wa kumbukumbu ni wa kumeza, si wa kupaka.

Sasa jirani yako. Anachosema kina mizizi mirefu, ingawa si sawasawa na anavyokisimulia. Ayurveda, tiba ya jadi ya Wahindi, ina kundi zima la dawa zinazoitwa medhya, yaani za akili. Kitabu chake kikubwa, Charaka Samhita, chenye umri wa kama miaka 2,000, kinataja nne kwa mpigo: maji ya mandukaparni, unga wa mizizi ya susi ndani ya maziwa, maji ya mtambaa uitwao guduchi, na mmea uitwao shankhapushpi uliosagwa, na kinasema hiyo ya mwisho ndiyo bora kuliko zote. Umeona? Brahmi kwa jina lake haimo katika hizo nne. Inakuja mahali pengine katika kitabu hichohicho, imepikwa ndani ya samli, na kazi iliyopewa ni kutibu kifafa na wazimu. Kitabu kingine cha zamani, Sushruta Samhita, ndicho kinachoiweka waziwazi kwenye sura ya akili na umri mrefu, na hapo brahmi na mandukaparni zimetajwa kila moja peke yake. Kwa hiyo wazee wale walijua ni mimea miwili. Sisi wa madukani ndio tuliokuja kuivuruga.

Jina linatokana na Brahma, muumba katika dini ya Kihindu, na dawa nyingi zenye mmea huu zimepewa jina la Saraswati, ambaye kwa imani ya Kihindu ndiye mungu wa elimu. Ndiyo maana mtoto wa shule na brahmi vimekuwa kitu kimoja huko. Tusiwacheke. Sisi tuliopita chuoni tunakumbuka zabibu, maji ya lubani yaliyolazwa usiku, na kombe la kunywa asubuhi kabla ya kumsomea mwalimu. Kila watu wana kikombe chao cha kumfungulia mtoto akili. Tofauti ni kwamba kikombe hiki kimoja kimepelekwa maabara.

Safari hiyo ilianzia Lucknow. Katika miaka ya 1960 wanakemia wa taasisi ya serikali ya India ya utafiti wa dawa, inayojulikana kama CDRI, walichambua Bacopa wakatoa kemikali walizoziita bakosaidi. Hizo ndizo saponini za lile povu. Majaribio ya watu yalikuja baadaye sana, na kadhaa ya yale yanayotajwa sana yalifanyika Australia, si India.

Nikueleze moja kwa undani, kwa sababu ndilo linalojibu swali lako. Mwaka 2002 Steven Roodenrys na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wollongong walichukua watu 76 wa umri wa miaka 40 hadi 65. Nusu walipewa dondoo ya Bacopa (yaani kiini kilichokamuliwa kutoka kwenye mmea), nusu kidonge kinachofanana kisicho na dawa, na hakuna aliyejua amepewa kipi. Baada ya miezi mitatu walipimwa mambo mengi. Kipimo kimoja kilikuwa cha jozi za maneno yasiyohusiana. Chukulia ningekuambia: mbuzi na dirisha, chumvi na barua, ngazi na mwezi. Unazikariri, tunazungumza mambo mengine, kisha nakuuliza: "Chumvi?" Wewe unatakiwa useme "barua".

Sasa sikiliza. Waliokunywa Bacopa hawakukariri haraka zaidi ya wenzao. Umakini wao haukuongezeka. Mambo waliyoyajua tangu zamani hawakuyakumbuka vizuri zaidi. Kilichobadilika ni kimoja: yale mapya waliyoyashika yaliwatoka polepole zaidi. Kwa maneno mengine, ndoo haikujaa upesi, ila tundu la chini lilipungua. "Akili kufunguka" ni maneno makubwa kwa kitu cha namna hii. Mimi ningesema kusahau kunacheleweshwa.

Si majaribio yote yanayokubaliana hadi nukta ya mwisho. Mwaka mmoja kabla, Con Stough na wenzake huko Melbourne walipima watu 46 wenye afya, wao wakaona hata kasi ya kujifunza imepanda. Lakini angalia walivyopanga vipimo: waliwapima wiki ya 5 na tena wiki ya 12, na faida ilijitokeza kwenye ule wa wiki ya 12. Mwaka huohuo wengine wakajaribu kumpa mtu dozi moja na kumpima palepale, hawakuona kitu. Wazee nao wamepimwa: watu 54 wa miaka 65 na zaidi huko Portland, Marekani, mwaka 2008, na 98 wa zaidi ya miaka 55 huko Lismore, Australia, mwaka 2010. Kote huko ilikuwa wiki 12, na kote waliotumia Bacopa walikumbuka orodha za maneno vizuri zaidi ya wenzao. Wote hao walikuwa wazee wazima wa akili, si wagonjwa wa demenshia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni. Shika hilo, tutalirudia kwa mama.

Utafiti pekee ninaoujua unaokaribia hali ya kijana wako ni wa India, mwaka 2016: wanafunzi wa udaktari 60, miligramu 150 mara mbili kwa siku kwa wiki sita. Baadhi ya vipimo vilipanda. Nakutajia kwa sababu mtu atakuja kukuonyesha huo akisema "mbona wiki sita zinatosha". Ni utafiti mmoja, mdogo, wa dondoo maalumu ya kiwandani. Wachunguzi waliokusanya majaribio sita mwaka 2012 walikuta Bacopa imesaidia kwenye vipimo 9 kati ya 17 vya kukumbuka bila kudokezwa. Tisa kati ya kumi na saba. Hiyo ni dawa yenye nguvu ya kiasi, na mimi naiheshimu kwa kiasi hichohicho.

Kwa nini inachelewa hivyo? Kwenye wanyama wa maabara imeonekana inazuia kidogo kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupelekeana habari za kumbukumbu. Lakini pia panya waliolishwa kwa wiki kadhaa walionekana matawi ya seli zao za ubongo yameongezeka. Matawi hayaoti kwa usiku mmoja, ya mpera wala ya ubongo.

Sasa tumbo la kijana. Hapa kuna mambo matatu na yote nadhani yamehusika. La kwanza ni kipimo. Majaribio karibu yote yalitumia miligramu 300 za dondoo kwa siku, na dondoo hiyo ya Wollongong ilitoka kwenye mmea mkavu wa kama gramu 6. Kitabu rasmi cha serikali ya India cha dawa za Ayurveda kinaweka unga mkavu gramu 1 hadi 3. Wewe ulimpa kijiko cha chakula, ambacho kikijaa kinavuka vyote viwili. (Na kwa upande wa pili, anayenunua kapsuli ya "brahmi 300 mg" ambayo ni unga mtupu ulioshindiliwa, hana hata theluthi moja ya gramu ya mmea. Hiyo si ile ya majaribio. Tafuta neno dondoo, na asilimia ya bakosaidi.) La pili, alikunywa na njaa. Kwenda haja mara kwa mara, tumbo kusokota na kichefuchefu ndizo kero zilizoripotiwa zaidi hata kwa wale wa Lismore. Saponini zinakwaruza tumbo, na asetilikolini ikizidi huchapua utumbo. Wahindi wa zamani waliipika kwenye samli, nami naona walikuwa na sababu. La tatu ni maziwa yenyewe. Watu wazima wengi wa kwetu hatuyeyushi sukari ya maziwa vizuri. Kikombe kizima asubuhi tumbo tupu kinaweza kusokota bila msaada wa brahmi.

Nije kwa mama, na hapa ndipo nisingependa tufanye mzaha.

Mama anameza homoni ya tezi kwa sababu rovu lilipotolewa, tezi ikatoka nalo, yote au sehemu. Mwaka 2002 watafiti wa India walilisha panya dondoo ya Bacopa kwa kipimo kikubwa, homoni ya tezi ikapanda kwa asilimia kama 41. Panya si mama yako, na kipimo kile hakuna binadamu anayekinywa. Lakini mtu ambaye tezi yake inaendeshwa kwa vidonge hana nafasi ya kuchezewa. Tena kuna upande mwingine ambao ni mkubwa zaidi: homoni hiyo ikipungua, mtu anasahau. Anakuwa mzito, anahisi baridi, choo kigumu, anarudia maneno. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mama hahitaji dawa ya kumbukumbu, anahitaji kidonge chake kirekebishwe. Kipimo kinaitwa TSH, ni cha damu, na hospitali ya mkoa wanakifahamu. Ukimwanzishia brahmi kabla ya kipimo hicho, daktari atakuwa anasoma majibu yenye matope.

Ukiwa hapohapo, mwombe daktari aangalie na vitamini B12 kama inawezekana, hasa kama mama ana kisukari na anatumia metformini kwa miaka. Mwangalie masikio: mzee asiyesikia vizuri huonekana anasahau, kumbe hakusikia. Uliza kama ana huzuni. Kisha fungua mfuko wake wa dawa, si ule wa hospitali tu. Je, anakunywa piritoni kila usiku ili apate usingizi? Wazee wetu wengi wanafanya hivyo na hawaihesabu kama dawa. Piritoni inaziba ileile asetilikolini tuliyoizungumza. Amitriptilini, dawa ya huzuni na maumivu, nayo ni hivyohivyo. Ukimpa brahmi asubuhi na piritoni usiku, unamtwisha gunia huku unamwambia akimbie. Nimewahi kuona bibi wa watu "aliyechanganyikiwa" akarudia hali yake baada ya kuacha vidonge vya mafua vya kila siku, bila mtishamba wowote.

Dawa ya presha nayo ina neno. Kwenye ule utafiti wa Portland mapigo ya moyo ya waliotumia Bacopa yalipungua kidogo. Kama presha ya mama inatibiwa kwa atenololi au ndugu zake, ambazo nazo zinapunguza mapigo, mbili hizo zinasukuma upande mmoja. Na kwenye mirija ya maabara Bacopa imeonekana kuzuia vimeng'enya vya ini vinavyoondoa dawa nyingi mwilini. Kama nilivyosema, ni mirija ya maabara, lakini daktari wake ajue.

Kusahau funguo si kitu cha kukutisha peke yake. Kitakachonitisha mimi ni akisahau funguo ni za kufungulia nini, akipotea njia ya sokoni aliyoipita miaka thelathini, au akishindwa pishi alilolizoea. Ukiona hayo usingoje, na usitegemee brahmi: hakuna utafiti uliothibitisha kwamba inatibu demenshia.

Tuseme vipimo vya mama vimetoka safi, daktari amekubali, na bado unataka ajaribu. Au kijana, baada ya mtihani, anataka kuitumia akienda chuo kikuu. Hapo suala ni usafi wa bidhaa. Mwaka 2004 Robert Saper na wenzake walinunua bidhaa 70 za Ayurveda madukani Boston. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 wakarudia kwa bidhaa 193 zinazouzwa mtandaoni, na bado kama moja kati ya tano ikakutwa nazo. Kuna tawi la Ayurveda linalochanganya madini kwa makusudi, kwa hiyo chenye "rasa" au "bhasma" kwenye jina ukiache. Lakini Bacopa ina tatizo lake hata bila mkono wa mtu: ni mmea unaonyonya metali kutoka majini, kiasi kwamba wanasayansi wameufikiria kwa kazi ya kusafisha maji machafu. Ndiyo sababu nikakuambia usichume kwenye mfereji. Nunua iliyopimwa metali nzito, na kama imeingizwa Tanzania kihalali kama dawa ya asili iwe na usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Pakiti iliyokuja ndani ya sanduku la nguo kutoka kwa shangazi haina hayo yote, hata kama imeletwa kwa upendo.

Neno moja kwa sababu umenisalimia kwa salamu hiyo: ukipewa ya maji kwenye chupa, yenye jina linaloishia na "arishta" au "asava", jua imechachushwa na ina kilevi kilichojitengeneza ndani yake. Asilimia huwa imeandikwa kwenye lebo. Wengi hunywa bila kujua.

Wenye mimba na wanaonyonyesha waiache. Na kwa kijana wa kiume niongeze: panya dume waliopewa Bacopa mbegu zao zilipungua, zikarudi ilipoachwa. Simtishi, ila si kitu cha kumeza mwaka baada ya mwaka kama sukari kwenye chai.

Imebaki Mei. Kumbuka brahmi inachofanya ikifanikiwa: inachelewesha kusahau. Basi kuna njia nyingine ya kuchelewesha kusahau, haihitaji miezi mitatu, na imepimwa kwa vijana wa rika lake. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, huko St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma mara nne. Kundi jingine lilikisoma mara moja, kisha likafunika karatasi na kuandika yote linayokumbuka, mara tatu. Baada ya wiki moja, waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 40 hivi. Waliojipima walikumbuka 61. Linganisha na brahmi utakavyo.

Na hili si geni kwetu. Aliyehifadhi juzuu anajua kwamba hakuna anayehifadhi kwa kutazama msahafu tu. Unafunga, unamsomea mwenzio, anakukosoa, kesho unadurusu ya jana kabla ya kuongeza mpya. Mwambie kijana afanye hivyo na baiolojia yake: asome ukurasa, afunike daftari, aandike anachokumbuka kwenye karatasi tupu, afunue, asahihishe kwa kalamu nyekundu. Baada ya siku mbili arudie ileile bila kusoma kwanza. Mitihani ya miaka iliyopita aifanye kwa saa, si kuisoma majibu. Itamuuma, ataona hajui kitu, na ataitamani ile njia ya kupaka rangi mistari. Usiku alale, maana aliyoyashika mchana hutulia usingizini. Kukesha wiki ya mwisho ni kuongeza lile tundu la ndoo.

Pakiti usimrudishie jirani, utamvunja moyo. Iweke kabatini, mshukuru, na umuulize kama familia yao ni ya Kerala au Gujarati. Jibu lake pamoja na jina la Kilatini ndilo litakalotuambia unacho nini. Majibu ya TSH ya mama yakitoka, niandikie, na uniandikie pamoja nayo kila kidonge kilichomo kwenye mfuko wake, hata vile vya mafua.